Sumu Iliyohamia Nyumbani

Soko la Ogwedhi liko pale Kaunti ya Migori inapopakana na Narok, na linajulikana kwa ng'ombe. Wajaluo, Wamaasai na Wakuria hukutana hapo, na bei hupatanwa kwa Kiswahili. Palipo na soko la ng'ombe hapakosi dawa ya kupe, na katika masoko ya mashambani kama haya mwenye ndama watatu hanunui chupa ya lita nzima. "Nipimie ya watatu tu," anamwambia muuzaji. Muuzaji anafungua chupa kubwa, anapima kwa kifuniko, anamimina ndani ya chupa ya soda iliyosuuzwa. Maelezo yanatolewa kwa mdomo: vifuniko kadhaa kwa ndoo, kisha unawe mikono. Chupa yenye lebo inarudi rafuni. Chupa ya soda inaenda nyumbani, inawekwa chini ya kitanda au kwenye pembe ya jikoni, na humo ndani mna mtoto wa miaka miwili ambaye tangu Krismasi anakumbuka utamu wa chupa ya namna hiyo.

Jinsi ya kuwakinga watoto na kemikali zenye sumu zilizomo katika vitu vya kila siku ni jambo linalojadiliwa mara nyingi kama suala la kiwandani: kemikali zipi ziruhusiwe, zipi zipigwe marufuku, lebo iandikwe nini. Mjadala huo ni wa lazima. Lakini ukilitazama jambo hili kutoka Ogwedhi, unaona kwamba sheria za Kenya zinailinda pakiti, ilhali mtoto hukutana na sumu baada ya pakiti kufunguliwa, kugawanywa na kutupwa. Katika miaka 40 hivi iliyopita, sumu nyingi zilizokuwa zikishughulikiwa nje ya boma, mikononi mwa watu wenye kazi hiyo, zimehamia ndani ya nyumba. Ulinzi haukuhama nazo.

Kutoka joshoni hadi uani

Enzi za babu zetu, kupe aliuawa kwenye josho. Serikali ilijenga josho, ikaweka mhudumu, ikanunua dawa. Ng'ombe wakapelekwa, wakaogeshwa, wakarudi malishoni. Dawa zenyewe hazikuwa za upole, kwani kizazi cha kwanza cha majosho kilitumia aseniki. Lakini pipa lilikaa joshoni, chini ya kufuli. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali ilipobanwa na mageuzi ya kiuchumi ipunguze matumizi, huduma hiyo ilidorora na majosho mengi yakakauka. Kupe hawakwenda popote, wala ndigana, ugonjwa wanaoueneza na ambao huua ndama kwa wingi. Mfugaji akatafuta pampu ya mgongoni, akaanza kunyunyiza mwenyewe uani, watoto wakimshikia ndama.

Mahindi nayo yalipitia njia hiyo hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliingia Kenya mdudu mgeni, dumuzi mkubwa wa nafaka, ambaye wakulima wengi baadaye walimbandika jina la Osama. Majivu na moshi wa jikoni, kinga ya jadi ya ghala, havikumtisha. Ikaja dawa ya unga ya kuchanganya na nafaka, kisha zikaja tembe za fosfidi ya alumini. Wakati huo huo wizi uliwafanya watu wengi wayaondoe mahindi kwenye ghala la nje na kuyapanga ndani ya nyumba wanamolala.

Tembe hizo hazihitaji moto wala maji ili zifanye kazi. Unyevu uliomo hewani unatosha kuzifanya zitoe gesi ya fosfini, inayoua wadudu na kila kinachopumua karibu nao. Zilitengenezewa ghala lililozibwa, mikononi mwa mtu aliyefunzwa, na baada ya kazi ghala lifunguliwe lipigwe na hewa. Zikiuzwa moja moja nje ya mkebe wake, kisha zikawekwa katika gunia lililo chumba kimoja na kitanda, gesi inawafikia waliolala, na mtoto ndiye wa kwanza kuzidiwa. Fosfini haina dawa ya kuizima mwilini. Daktari anaweza tu kuusaidia mwili upambane.

Ongeza mafuta ya taa, ambayo dukani hupimwa kwenye chombo chochote anacholeta mnunuzi. Kwa miaka mingi mafuta hayo yamekuwa miongoni mwa sababu kuu zinazowafikisha watoto wadogo wa Kenya hospitalini kwa kunywa sumu. Hatari yake kubwa iko mapafuni: mafuta yakipaliwa, mapafu yanaungua. Ndiyo maana mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hatakiwi kutapishwa, kwani akitapika anayapaliwa mara ya pili. Katika nyumba nyingi, kumtapisha ndilo jambo la kwanza linalofanywa.

Mwili unaojengwa

Kwa kila kilo ya uzito wake, mtoto hupumua hewa nyingi kuliko mtu mzima, hunywa maji mengi zaidi na hula zaidi. Hutambaa mahali ambapo vumbi na matone ya dawa hutua, na mikono yake huishia mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Ubongo wake bado unajengwa, kwa hiyo kinachouvuruga leo hakirekebishiki kwa kuacha kesho.

Hapa inafaa kutenganisha sumu za aina mbili. Kuna sumu ya ghafla, kama dawa ya kupe iliyonywewa: mtoto anatokwa na mate, anaishiwa nguvu, na nyumba nzima inajua kuna balaa. Kuna pia sumu ya polepole, kama risasi na zebaki, ambayo haina kilio. Inamwacha mwanafunzi wa darasa la tano asiyeweza kutulia wala kukumbuka, na mwalimu anaandika kwamba ajitahidi zaidi. Mwaka 2020, UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani hadi watoto milioni 800, alikuwa na risasi mwilini kwa kiwango cha mikrogramu 5 au zaidi katika kila desilita ya damu. Wengi wao wanaishi katika nchi zisizokuwa na mazoea ya kuipima.

Hata kwa sumu ya ghafla, chupa isiyo na lebo inaongeza hatari pale mtoto anapofikishwa hospitalini. Baadhi ya dawa za kupe ni za kundi la oganofosfeti. Nyingine zina amitrazi. Mtoto aliyekunywa mojawapo anaweza kufika akiwa na mboni za macho zilizosinyaa na moyo unaopiga polepole, na kwa kumtazama tu ni rahisi kuzichanganya. Ya kwanza ina dawa yake, atropini, ambayo huenda ikahitajika kwa wingi na kwa haraka. Ya pili haina dawa maalumu. Mgonjwa husaidiwa kupumua na kuangaliwa mpaka sumu imwishe. Mhudumu wa kliniki anauliza, "Amekunywa nini?" Mzazi ananyoosha chupa ya soda yenye majimaji meupe. Jibu alilohitaji mhudumu liliandikwa kwenye chupa iliyobaki sokoni.

Koti la baba

Si kila sumu inaingia nyumbani kwa kununuliwa. Nyingine inarudi jioni kwenye nguo za aliyetoka kazini, na Migori ina kazi mbili zinazolionyesha hilo wazi: tumbaku na dhahabu.

Tumbaku imelimwa kusini mwa Nyanza kwa mikataba na kampuni kubwa kwa miongo kadhaa. Anayechuma majani yenye umande au maji ya mvua hufyonza nikotini kupitia ngozi, akapata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, hata kama hajawahi kuvuta sigara. Mtoto anayesaidia kuchuma, kubeba au kutunga majani anapata kipimo kikubwa zaidi kwa mwili mdogo zaidi. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, chakula na kilimo yalishirikiana na serikali kuanzisha Migori mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku, wakulima wakapewa mbegu za maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi pamoja na soko la kuyauzia. Wengi waliueleza mradi huo kama vita dhidi ya sigara. Kwa kaya inayolima, ni kinga ya mtoto pia: maharagwe hayamtapishi anayeyachuma.

Dhahabu ni kisa kigumu zaidi. Kutoka Macalder na Osiri huko Nyatike hadi upande wa Kuria, na ng'ambo ya mpaka huko Lolgorian katika Narok, wachimbaji wadogo husaga mawe, huyaosha, kisha huchanganya unga wake na zebaki ili inase chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa. Zebaki inapaa kama mvuke usioonekana wala kunuka, na dhahabu inabaki. Kifaa cha kunasa mvuke huo, retorti, kipo na si cha gharama kubwa, lakini donge dogo la jioni huchomwa haraka kwenye jiko la makaa, wakati mwingine jiko lile lile linalopikiwa ugali. Mvuke unatua kwenye kuta, nguo na vyombo. Pafu la mtoto hufyonza sehemu kubwa ya anachokivuta, na safari ya zebaki kutoka pafuni hadi kwenye ubongo ni fupi.

Jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, lilionyesha kazi ya dhahabu inavyoweza kuwadhuru watoto inapoletwa nyumbani. Mwaka 2010 iligunduliwa huko kwamba mamia ya watoto, zaidi ya 400 kwa makadirio, walikuwa wamekufa kwa sumu ya risasi. Mawe ya dhahabu ya eneo hilo yalikuwa na risasi nyingi, nayo yalikuwa yakisagwa uani. Mawe ya Migori si yale ya Zamfara. Linalofanana ni mpangilio wa maisha: mashine ya kusaga, beseni, jiko na mtoto, vyote katika boma moja.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa 2013 na ukaanza kutumika Agosti 2017. Kenya iliutia saini mapema na kuuridhia 2023. Mradi wa kimataifa wa planetGOLD umezifikia kaunti za wachimbaji, Migori ikiwemo, kwa mafunzo na mbinu za kupata dhahabu bila zebaki. Lakini mkataba na mradi humfuata mchimbaji machimboni tu. Koti linalotundikwa karibu na kitanda cha mtoto halina msimamizi.

Lebo nzuri, bidhaa mbovu

Lipo kundi la tatu, ambalo pakiti yake ni safi na halali kwa macho, na sumu imo ndani. Hapa viwango vya serikali vina kazi ya moja kwa moja.

Krimu za kung'arisha ngozi ndizo mfano ulio karibu zaidi na mtoto, kwa sababu mama anayejipaka ndiye anayembeba. Mwaka 2010 wataalamu wa afya wa Marekani walichunguza familia za California na Virginia zilizotumia krimu yenye zebaki, wakakuta zebaki hata katika miili ya watoto ambao hawakuwahi kupakwa: iliwafikia kwa kugusana, kwa mashuka na kwa hewa ya nyumbani. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, na Novemba 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata ziliamua kwamba kufikia 2025 kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kiondoke sokoni. Krimu zenyewe bado zinapita mpakani ndani ya mikoba.

Rangi za mafuta zenye risasi ni mfano wa pili. Rangi inapobambuka ukutani au kwenye kitanda cha mtoto, vumbi lake ni chakula cha vidole. Sheria ya mfano ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Nairobi, inataka risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni, na kiwanda kinachotaka kufikia kiwango hicho kinaweza, kwani mbadala zipo. Wa tatu ni sufuria. Utafiti uliochapishwa 2017 ulipima vyombo vya alumini vilivyosubuliwa na mafundi kutokana na vyuma chakavu katika nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, ukakuta baadhi yake vinatoa risasi katika chakula kinachopikwa kwa muda mrefu na chenye ukali. Anayesubu sufuria kwa injini kuukuu na mabaki ya betri hana maabara. Anachopima ni uzito.

Mlango wenye mlinzi

Je, Kenya haina walinzi? Inao, na si wachache. Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuangamiza Wadudu, PCPB, husajili viuatilifu chini ya sheria ya 1982. Shirika la Viwango, KEBS, hupima bidhaa za viwandani. NEMA husimamia mazingira, na Bodi ya Famasia na Sumu husimamia dawa za binadamu. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi katika Kifungu cha 42, inamlinda mnunuzi katika Kifungu cha 46, na katika Kifungu cha 53 inasema maslahi ya mtoto yatangulie kila jambo linalomhusu.

Ukiifuata historia, utaona ulinzi huo huamka kwa kasi pale ambapo yupo mnunuzi mwenye uwezo wa kukataa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria baada ya kubainika kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakimwaga viuatilifu majini ili kuua samaki. Serikali za nchi tatu za ziwa hilo zikakimbia: maabara, ukaguzi wa fukwe, vyeti. Mapema 2013 Ulaya ilipoanza kupima shehena moja kati ya kila 10 za mishiri na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dimethoeti, matumizi ya dawa hiyo kwenye mboga yalibanwa haraka. Sukuma wiki ya Migori haipandi ndege. Mlaji wake ana miaka minne na hajui kurudisha shehena.

Tofauti hiyo si njama. Anayesafirisha mishiri ana kumbukumbu za shamba, tarehe ya kunyunyiza na nambari ya shehena. Kosa linafuatilika mpaka kwenye mtaro. Mwezi Aprili 2024 Nigeria ilipotangaza kwamba vipimo vyake vimekuta kemikali ya sumu katika bechi moja ya dawa ya kikohozi ya watoto aina ya Benylin, Kenya iliiondoa bechi hiyo sokoni ndani ya siku chache, ingawa mtengenezaji alisema vipimo vyake mwenyewe havikuikuta. Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu: mwaka 2022 watoto wasiopungua 66 walikuwa wamekufa nchini Gambia, vifo vilivyohusishwa na dawa za maji zilizochafuliwa. Ilitosha nambari iliyochapwa kwenye chupa. Dawa ya kupe iliyo katika chupa ya soda haina bechi, haina tarehe, haina wa kumrudishia. Ikidhihirika kesho kwamba ni mbovu, hakuna anayejua iko chini ya vitanda vingapi.

Hata pale sumu inapokuwa na anwani, haki huchelewa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa karibu na mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, aligundua mwanawe mchanga ana risasi mwilini, akaongoza mapambano yaliyompa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwezi Julai 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Waliokuwa wachanga kiwanda kilipofunguliwa walikuwa vijana wa miaka 17 hukumu ya mwisho ilipotoka. Fidia ni haki yao, lakini haiwarudishii miaka ambayo ubongo wao ulikuwa ukijengwa.

Lawama za bure na pingamizi za kweli

Panapotokea ajali ya sumu, kauli ya kwanza ni kwamba mama alizembea. Kauli hiyo inasahau kwamba nyumba ya chumba kimoja haina mahali pasipofikiwa na mtoto, na kwamba kabati lenye kufuli ni fanicha ya mwenye nafasi. Inasahau pia kwamba mama huyo hakuchagua josho life. Kumfundisha ni vyema. Kumwachia yeye peke yake ulinzi ulioshinda taasisi nne za serikali ni kukwepa kazi.

Zipo pingamizi zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba marufuku ya jumla inamwumiza mdogo: bila dawa ya kupe ndama hufa, bila dawa ya ghala Osama hula mahindi, na njaa nayo ni hatari kwa mtoto. Ya pili ni bei. Watu hupimiwa kwa kifuniko kwa sababu chupa nzima ni ghali, na ukifunga duka la rejareja bila kuweka kingine, biashara itahamia gizani.

Pingamizi hizo zinatuonya tusiishie kwenye orodha ya marufuku. Mwaka 2025 Waziri wa Kilimo Mutahi Kagwe alitangaza kuondolewa kwa bidhaa 77 za viuatilifu na kuwekewa masharti nyingine 202, hatua iliyokuwa ikidaiwa tangu ombi la mbunge Gladys Boss Shollei lilipofika bungeni 2019. Hatua hiyo inastahili pongezi, hasa ukikumbuka kwamba baadhi ya nchi za Ulaya zimekuwa zikiuza nje dawa zisizoruhusiwa katika mashamba yao wenyewe. Lakini zile zilizobaki kisheria bado zitapimwa kwa kifuniko, na mtoto aliyemeza sumu iliyosajiliwa hana nafuu kuliko aliyemeza iliyopigwa marufuku.

Yaliyowahi kufaulu

Afrika ina mifano yake ya kinga iliyofanya kazi. Kusini mwa Jangwa la Sahara, nchi zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuondoa petroli yenye risasi, na kufikia Januari 2006 kazi ilikuwa imekamilika karibu kote. Hakuna mzazi aliyehitaji kufundishwa lolote; risasi iliondolewa kwenye kila pampu ya mafuta, na hewa ya kila mtoto wa mjini ikabadilika. Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na ukaguzi ukashuka hadi kwenye meza ya mama mboga. Watu walilalamika juu ya adhabu, lakini hakuna aliyeweza tena kusema kwamba serikali haina mkono unaofika soko la mashambani.

Mfano unaofanana zaidi na hali ya Ogwedhi unatoka Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waligawa katika eneo moja vyombo vya mafuta ya taa vyenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Matokeo yao, yaliyochapishwa 1994, yalionyesha kwamba idadi ya watoto waliokunywa mafuta ilipungua kwa karibu nusu. Mafuta yalikuwa yale yale, nyumba zile zile, akina mama wale wale. Kilichobadilika ni kifuniko.

Kazi iliyopo

Kutokana na hayo, mpango wa Migori na jirani zake unaweza kuandikwa bila kusubiri sheria mpya kutoka Nairobi.

Kwanza, PCPB iwatake watengenezaji wauze vipimo vidogo vilivyofungwa kiwandani, vyenye lebo, nambari ya bechi na kifuniko kisichofunguka kwa mtoto: cha ndama watatu kwa bei ya ndama watatu. Kampuni zinazouza sabuni na shampuu kwa pakiti za shilingi kumi zimeshathibitisha kwamba udogo wa pakiti hauui faida. Kipimo hicho kikipatikana, ndipo marufuku ya kupimia kwa kifuniko itakapokuwa ya haki, na ndipo afisa wa afya ya umma wa kaunti atakapokuwa na hoja mbele ya mwenye duka.

Pili, vyombo vitupu virudi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imemtwika mzalishaji wajibu wa takataka za bidhaa yake. Soko la ng'ombe lenye siku yake maalumu ni mahali pazuri pa kukusanyia: chupa tupu ya dawa ikirudishwa, mnunuzi apunguziwe bei ya mpya. Chupa iliyorudi haiwezi kuwa ya maziwa.

Tatu, sumu itoke tena nje ya boma. Kaunti ifufue majosho, au ifadhili vikundi vya vijana waliofunzwa wanaozunguka na pampu na dawa zao, wanyunyize na waondoke nazo. Kwa mahindi, mifuko isiyopitisha hewa huwaua wadudu kwa kuwanyima hewa, bila tembe wala unga. Ruzuku iliyozoea kwenda kwenye mbolea ina nafasi hapo. Kwa dhahabu, leseni za vikundi vya wachimbaji ziambatane na banda la pamoja la kuchomea lenye retorti, mbali na makazi, lenye maji ya kuoga na mahali pa kuacha nguo za kazi.

Nne, wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao kitaifa wanafika 100,000 tangu mpango wao ulipozinduliwa upya Septemba 2023, waongezewe swali moja wanapozuru kaya: dawa ya mifugo, ya mahindi na mafuta ya taa zinakaa wapi? Wakiuliza, waeleze pia mambo matatu: aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, aliyemwagikiwa dawa avuliwe nguo na kuoshwa kwa sabuni na maji mengi, na chombo cha sumu kifike hospitalini pamoja na mtoto.

Gharama ya haya yote iko, na kaunti itasema bajeti haitoshi. Lakini gharama tayari inalipwa: na familia inayokodi bodaboda usiku kwenda hospitali, na mwalimu anayefundisha darasa lisilokumbuka, na mfuko wa umma unaolipia dawa. Samaki wa Ziwa Victoria walipata maabara kwa sababu Ulaya iligoma kuwanunua. Mtoto wa Ogwedhi hana soko la kugoma kwa niaba yake. Ana bunge la kaunti linaloketi na kupiga kura ya bajeti kila mwaka, na hapo ndipo mstari wa kwanza wa ulinzi wake unapaswa kuandikwa.